Kikohozi Kwenye Matete

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Ningempata mhenga huyo ningemsimamisha kwenye tope la Ziwa Victoria, maji yakimfika magotini, ruba wakimnyonya damu, upinde mkononi, kisha nimuulize hiyo mbivu iko wapi. Mimi nilivumilia kiangazi kizima, na nilichokula ni mbu.

Nilikuwa kijana wa upande wa Shinyanga, mtoto wa wafugaji, na nilikuwa nimeoa binti wa Kizinza kutoka mwambao wa ziwa, upande wa Chato. Tulijuana kwetu, alipokuja kumsaidia shangazi yake kuvuna mtama. Baba yangu alitoa ng'ombe wa mahari bila kinyongo, nami nikawaswaga kuelekea magharibi nikiimba. Wimbo uliishia kwenye misitu ya Geita. Mbung'o walituvamia huko kana kwamba walikuwa wameandaliwa karamu, na ng'ombe waliofika ziwani walifika wakiwa ngozi na mifupa. Walianza kuanguka mmoja mmoja kabla sijazoea hata harufu ya maji.

Baba mkwe alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Aliwatazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu," alisema, "huku ng'ombe ni mzoga unaotembea. Sikulaumu, lakini mizoga siitaki. Nasikia kwenu wanakusifu kwa upinde."

Nikasema ndiyo, Baba, wananisifu. Ujana una mdomo.

"Basi kuna kamongo anayenichania migono yangu. Siku utakayomlaza kwenye ua huu, mahari imekwisha. Mchukue mkeo mwende."

Migono ilikuwa mitego yake ya kusukwa kwa fito, aliyoitega kwenye maji mafupi kando ya matete. Siku hizo watu walikuwa wakimiminika Nyarugusu na kwingineko kuchimba dhahabu, na mchimbaji hali mchanga. Samaki wakavu wa baba mkwe walikuwa wakingojewa huko. Kila mgono uliochanika ulikuwa hasara kwake. Kamongo huyo alikuwa akiingiza kichwa, anakula samaki walionaswa, kisha anapasua fito na kutoka zake. Wote walimjua, kwa sababu ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika.

Nilikubali nikicheka moyoni. Samaki mmoja! Kwetu nilikuwa nikimwangusha kanga akiwa anaruka. Nilihesabu kwamba mwezi hautaandama kabla sijaondoka na mke wangu, na nilikuwa na haraka. Baba alikuwa amenigawia shamba langu la kwanza, udongo mweusi wa mbugani, akanionya: mvua za kwanza zikilikuta halijaguswa na jembe, atampa kaka yangu. Kaka yangu alikuwa amekwisha kulipima kwa macho. Mtu asiye na shamba kwetu alikuwa mtu wa kutumwa tu, na mke wangu angekuwa mke wa mtu wa kutumwa.

Nikaingia ziwani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alinitengenezea mshale wa kivuvi: uti mrefu wa tete, kigumba cha chuma chenye kulabu, na kamba ya katani iliyofungwa kwenye boya la mti mwepesi. Samaki wa kwanza niliyemwona alikuwa ngege aliyetulia waziwazi mbele yangu. Nikavuta upote wa upinde, nikaachia, mshale ukazama kwenye tope na ngege akaondoka polepole, bila hata kushtuka sana. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Shemeji aliketi kwenye mtumbwi akicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

"Shemeji, unampiga kivuli," alisema. "Samaki hayuko pale unapomwona. Yuko chini yake."

Upuuzi gani huu? Nchi kavu swala yuko pale pale alipo. Ilinibidi nichomeke muhogo kwenye maji nikajifunze upya kama mtoto, nikilenga mahali pasipo na kitu ili nipige mahali penye kitu. Nilitukana maji kwa Kisukuma, maana watu wa huko hawakukisikia vizuri. Lakini nilijifunza, na muhogo ukawa matundu matupu. Siku nilipompata kambale kwa mshale mmoja nilijiona nimekwisha kufika nyumbani.

Sasa lazima nieleze adabu ya ukwe, maana ndiyo iliyonifunga kamba. Kwetu Usukumani, na hata kwao, mume hatazamani na mama mkwe wake. Mkikutana njiani, wewe mwanamume ndiye unayeacha njia: unaingia kwenye majani, unachuchumaa, unampa mgongo hadi apite. Yeye hufunika kichwa kwa kaniki, na hukohoa mapema ili ujue anakuja. Hamsemeshani. Kwetu hata mgeni usiyemjua unamwamkia "Mwangaluka" asubuhi, lakini mama aliyemzaa mkeo humwamkii. Ndiyo heshima yenyewe, na sikuwahi kubisha. Nilijengewa kijumba nje ya ua, mlango ukitazama upande mwingine, na mke wangu akawa ananiletea chakula huko. Mama mkwe nilimjua kwa nyayo zake kwenye vumbi na kwa kikohozi chake.

Kamongo si samaki kama wengine. Hawezi kukaa chini moja kwa moja. Lazima apande juu avute hewa, kama mtu. Ukisimama kimya mahali anapopenda, maji yatatulia, tope litashuka, na mwishowe utaona mwili mrefu wa kijivu ukipanda polepole, mdomo ukitoka nje. Hapo ndipo pa kumpiga. Lakini ukitikisa mguu mara moja, anazama na harudi hapo mpaka jua lihame. Kwa hiyo nilisimama. Nilisimama ruba wakijishikiza, nzi wakitembea juu ya midomo yangu, nikiwa mti kati ya miti.

Asubuhi niliyomwona mara ya kwanza, mkia ule uliokatika ncha ukipinda chini ya maji, moyo ulinipiga mpaka nikaogopa atausikia. Alipanda. Nikavuta upote hadi sikioni. Mdomo ukatokeza.

"Ehem!"

Kikohozi, nyuma yangu, kwenye matete. Mama mkwe na mtungi wake.

Ningefanya nini? Niligeuza uso, nikatoka kwenye maji kwa kishindo, nikachuchumaa kwenye majani na kumpa mgongo. Nilisikia kata ikigonga mtungi, maji yakimiminika taratibu mno, kisha hatua zikiondoka. Niliporudi, maji yalikuwa uji wa tope.

Jioni baba mkwe aliniuliza, "Vipi leo?"

Siwezi kumwambia mkwe wangu kwamba mke wake amenifukuzia samaki. Huo si mdomo, huo ni uhuni. Nikasema, "Maji yalichafuka, Baba."

"Pole," akasema.

Siku chache baadaye, tena. Kamongo anapanda, upote uko sikioni, "Ehem!" Nikachuchumaa. Nikahamia upande wa pili wa ghuba, kwenye mafunjo, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Nilikaa huko siku kadhaa bila kuona kitu. Kisha mkia ule ukaja, nikashusha pumzi, nikavuta. "Ehem!" Nikajaribu mchana wa jua kali, wakati kila mwenye akili yuko kivulini. Kikohozi kikaja na jua. Kila jioni nilisema maji yalichafuka, mpaka baba mkwe akaanza kusema kabla yangu.

"Najua," alisema. "Maji ya Msukuma huchafuka kila siku."

Shemeji alilipenda neno hilo. Alilipeleka mwaloni, penye mitumbwi, wavuvi wakalipokea, na nikipita walikuwa wakiniuliza hali ya maji. Nilicheka nao kwa meno tu. Ndani nilikuwa nachemka kama sufuria ya maharage. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka, na alasiri mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa ng'ambo, yanatazama, yanaondoka. Huko kwetu watu walikuwa wanachonga mipini ya majembe. Nilimwona kaka yangu waziwazi, amesimama katikati ya shamba langu na mikono kiunoni.

Na bado nilimhurumia yule mama. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Kikohozi cha kiangazi kizima, nikawaza, kitamwua. Nilikuwa na kibuyu kidogo cha asali niliyokuja nayo kutoka nyumbani, asali ya miombo, nikimtunzia mke wangu kwa ajili ya safari. Nikakitoa.

"Mpelekee mama," nilimwambia. "Kile kifua si cha kuchezea."

Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Akainua kichwa. "Kifua gani?"

"Anavyokohoa."

"Mama hakohoi," akasema. "Nimelala naye nyumba moja tangu nizaliwe. Hata moshi wa kuni mbichi haumkohoshi."

Nikamweleza: anapokuja kuteka maji, kule kwenye matete, halafu kule kwenye mafunjo. Akaacha kuchambua.

"Maji tunateka kwenye mawe," alisema polepole. "Siku zote. Nani anateka maji ya kunywa kwenye tope?"

Kuku aliingia, akadonoa mboga, na hakuna aliyemfukuza. Sikuhitaji kuambiwa zaidi, lakini aliniambia. Yeye alikuwa kitindamimba. Dada zake wakubwa waliolewa mbali, mmoja Karagwe, mwingine ng'ambo ya ziwa, na waume wote wawili waliapa kwamba watakuwa wanawaleta kuwasalimu wazazi. Hakuna aliyeletwa. Habari zao zilikuja kwa midomo ya wapita njia, na siku hizi hata hizo hazikuja.

"Wewe ulijua?" nilimuuliza.

"Sikujua," akasema. "Lakini sishangai."

Nilikasirika vibaya. Nitasema kweli: nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, hata kaka yangu. Kunitegea adabu yangu mwenyewe! Angenikataa tangu mwanzo ningeelewa. Angemtuma mzee aongeze mahari ningeelewa. Lakini kutumia heshima ninayompa kama fimbo ya kunipigia, huku nikimwonea huruma ya kifua! Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na mahali pa kushtaki. Ukimshtaki mama mkwe, wazee wanakutazama wewe.

Asali ile mke wangu aliipeleka vilevile. Kibuyu kilirudi kitupu kimeoshwa.

Nilirudi majini nikiwa nimeamua kwamba sitageuka. Nikisikia kikohozi nitakodoa macho majini, nitaachia mshale, na anayetaka kufa kwa aibu afe. Mawingu siku hiyo yalikuwa mazito, ngurumo zikitembea mbali. Kamongo alipanda karibu sana, nikaona hata jicho lake dogo la kipumbavu. Nikavuta.

"Ehem!"

Vidole vilikataa kuachia. Si hiari yangu. Shingo iligeuka yenyewe, miguu ikatoka majini yenyewe, na nikajikuta nimechuchumaa kwenye majani nimempa mgongo, kama nilivyolelewa. Samaki alizama. Kumsemesha mama mkwe siwezi. Basi nikausemesha upinde.

"Wewe upinde!" nilifoka. "Nani amekuambia kila anayekwenda harudi? Mimi nafanana na hao wa Karagwe? Hata kama nikikaa hapa mpaka niote magamba, yule ni mke wangu, na shamba langu linakwenda! Ungekuwa na akili ungesema unachotaka. Unataka aletwe? Ataletwa! Kila kiangazi, mavuno yakiisha, nitamleta hapa mwenyewe!"

Kata ilikuwa imeacha kugonga. Halafu sauti ikaja, na ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, na ilisema Kiswahili kwa shida, kwa ajili yangu.

"Mtungi wangu," ilisema, "watu wa ng'ombe hufuata majani. Wakipata malisho hawakumbuki walikotoka."

"Upinde," nikasema, "nisipomleta, unikatikie mkononi mbele ya simba."

Kwetu huo ni ugonjwa wa kujitakia. Mwindaji haapi kwa upinde wake. Nilijuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limekwisha toka, na ulimi hauna mfupa. Nilisikia akijitwisha mtungi. Hatua zikaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mahali pale pale. Kamongo alichelewa. Alipopanda, nikavuta upote, na nikangoja. Ndiyo, nilingoja! Mdomo ulikuwa nje, shabaha ilikuwa chini yake kama nilivyofunzwa, na mimi nimesimama kama zuzu nasubiri kukoholewa. Matete yalikuwa kimya. Ndipo nikaelewa kwamba leo hatakuja, nikaachia mshale wakati samaki amekwisha kuanza kuzama, na ulimwingia nyuma ya kichwa kwa bahati tu. Maji yalipasuka. Boya lilikimbia ghuba nzima, shemeji akilifukuza kwa mtumbwi na mimi kwa miguu, mpaka tukambana kwenye mafunjo na shemeji akammaliza kwa rungu.

Tulimlaza uani. Baba mkwe aliutazama mkia, akausukuma kwa kidole cha mguu, akasema, "Naona leo maji yalikuwa safi." Wanaume wakachoma, wakala. Wanawake wa nyumba ile hawakula kamongo. Ulikuwa mwiko wao tangu enzi. Yule mama alimtoa binti yake kwa samaki ambaye hata mnofu wake hakuruhusiwa kuuonja, na mimi nilikula mpaka mafuta yakanitiririka kidevuni.

Tuliondoka kesho yake chini ya manyunyu. Mwisho wa mashamba ya mihogo nilisikia kikohozi, nikaacha njia, nikachuchumaa kwenye majani mabichi. Mama na binti waliagana nyuma ya mgongo wangu. Walisema Kizinza, haraka na kwa sauti ya chini, na sikuelewa zaidi ya jina la mke wangu. Kisha mke wangu akanigusa bega tukaenda. Tulifika nyumbani mvua ya kwanza ikiwa bado haijanyesha kwetu, na nikalilima shamba lile mbele ya macho ya kaka yangu kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Kiapo ni deni la kijinga, lakini nililipa. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, tulipita kwenye mbung'o na miguu ikavimba, tukashuka ziwani. Migono haikosi kamongo. Ukimwua huyu mwanawe anakua. Nilichukua upinde wangu, nikasimama kwenye tope, nikawa mti. Na kila mwaka, upote ukiwa sikioni na mdomo wa samaki uko nje, "Ehem!" Sasa alikuwa akifanya kwa mzaha tu, kunichokoza, kwa maana binti yake alikuwa amelala nyumbani kwake. Nilitoka majini nikilalamika kwa upinde, naye akicheka na mtungi wake. Jioni shemeji, ambaye sasa alikuwa na mvi, aliuliza kama baba yake alivyokuwa akiuliza, na mimi nikajibu kwamba maji yalichafuka. Sura ya mama mkwe sikuwahi kuiona. Mke wangu alisema mwanetu wa kwanza amechukua paji lake la uso, nami ilibidi niamini.

Mwaka mmoja tulikutana na mjumbe tukiwa bado njiani, karibu na Geita. Tulipofika mama mkwe alikuwa amekwisha kuzikwa, na mtungi wake umefudikizwa ukutani. Mke wangu aliingia ndani na wanawake. Mimi sikujua pa kujiweka. Kesho yake nikachukua upinde nikaenda kwenye matete, na shemeji akanifuata kwa mtumbwi, akakaa mbali kidogo.

Kamongo alipanda mapema, mkubwa, karibu na miguu yangu. Nikavuta upote hadi sikioni. Mdomo ukatokeza, ukavuta hewa. Nilishika hivyo hivyo, nikiyategea matete sikio. Samaki alishiba hewa yake, akazama bila haraka. Ndipo nilipogeuza uso, nikatoka majini, nikachuchumaa kwenye majani na kuyapa matete mgongo, nikakaa hapo kwa muda wa mtu kujaza mtungi.

Shemeji alisogeza mtumbwi, akaniuliza kwa nini sikupiga.

Nikamwambia maji yalichafuka.